Kumpenda Mungu kuliko mali na starehe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka katika darasa la Biblia la watu wazima ninalolifundisha hapa Dodoma mjini. Mengine nimeulizwa nje ya kanisa, muulizaji akiwa ameshika pikipiki yake tayari kuondoka, na mara nyingi hayo ndiyo mazito zaidi. Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri na ndugu wa makanisa ya Kipentekoste huuliza karibu mambo yale yale. Pale jibu moja linapogusa swali jingine nimeweka namba, ufuate huko.

## Mambo ya msingi

1. Kumpenda Mungu kuliko vitu ni kufanya nini hasa?

Amri yenyewe iko katika Kumbukumbu la Torati 6:5: "Nawe mpende BWANA, Mungu wako, kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa nguvu zako zote." Bwana Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, alijibu kwa maneno hayo. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walipolifafanua neno "nguvu" walisema mali nayo imo. Kwa hiyo mshahara wako, shamba lako na jasho lako vimo ndani ya amri, havikubaki nje vikisubiri amri nyingine.

Wengi hudhani kumpenda Mungu ni kusisimka wakati wa kuabudu. Msisimko ni neema, lakini kipimo hakiko hapo. Kuna siku Mungu na kitu chako watakuvuta pande mbili: ukweli unadai useme hivi, faida inadai useme vile. Siku hiyo ukimfuata Mungu na hasara ukaibeba, umempenda kuliko kile kitu. Siku ambazo hawavutani, kitumie kitu chako kwa shukrani na ulale usingizi.

2. Kwa hiyo kuwa na mali ni dhambi?

Hapana. Ibrahimu alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu kwa wingi. Lidia alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau, na nyumba yake kule Filipi ikawapokea Paulo na wenzake. Kaburi alimozikwa Bwana lilikuwa la tajiri, Yusufu wa Arimathaya. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu matajiri hakumwambia awafukuze. Alimwambia awaagize wasijivune, wasiutumainie utajiri usio yakini, wamtumaini Mungu "atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha."

Lakini usiishie hapo kwa kupumua. Sisi tunaopenda kusema "si fedha, ni *kupenda* fedha" tunautumia mstari huo kama mwavuli. Tukishaufungua, hatujiulizi tena kama tunazipenda.

3. Kwa nini Mungu adai apendwe kuliko vyote? Huo si wivu?

Ni wivu, na Maandiko hayaufichi. Uko katika Amri Kumi zenyewe. Mume anayemwona mkewe akizoeana na tapeli anayetaka kumwibia hawezi kukaa kimya, na tungemshangaa angekaa kimya. Mungu anajua mali haiwezi kukupenda. Ukiugua, kiwanja hakiji kukuona. Tena dai lake halikuanza na sisi: "Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza."

Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Afrika Kaskazini katika nchi tunayoiita leo Algeria, alifundisha kwamba dhambi zetu nyingi ni upendo uliopotea mpangilio. Kitu ni chema, ila kimepandishwa mahali pasipo pake. Naielewa hivi: bati ni zuri sana juu ya nyumba, lakini hakuna fundi anayejenga msingi kwa bati.

4. Nitajuaje kwamba kitu fulani kimekaa mahali pa Mungu?

Naomba nijibu kwa yaliyonipata.

Mwaka 2017, mji ulipokuwa umechangamka baada ya Serikali kuanza kuhamia hapa, nilinunua kiwanja pembezoni. Nililipa kwa mafungu matatu. Fungu la mwisho lilikuwa na fedha ya alizeti ya mama yangu, aliyonipa akiwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Jumamosi moja nikaenda na jembe na panga kufyeka. Nikakuta mawe na mchanga vimemwagwa, na kijana ananyoosha kamba kati ya bikoni mbili. Bosi wake alikuwa na karatasi kama zangu, zenye muhuri kama wangu. Kiwanja kimoja kilikuwa kimegawiwa watu wawili.

Nilihangaika maofisini miezi kumi na minne. Kudai haki hakukuwa kosa, na leo ningeidai tena. Kosa lilikuwa mahali pengine. Nilikuwa napiga magoti, naanza Baba Yetu, na nikifika "utusamehe deni zetu" nakwama, kwa sababu sura ya yule mtu ilikuwa inasimama mbele yangu na sikutaka kumsamehe. Namba ya kiwanja niliijua kwa kichwa, na sikumbuki hata Zaburi moja niliyosoma miezi ile. Usiku mmoja mke wangu akaniambia taratibu, "Baba Neema, siku hizi ukisali unaongea na kiwanja."

Baadaye nilipewa kingine, kidogo zaidi na mbali zaidi. Sisimulii kama muujiza. Nasimulia kwa sababu kile kiwanja hakikuwa kimenikaa moyoni siku nilipokuwa nacho, au labda kilikuwepo na sikujua. Nilikiona kilipotaka kuondoka. Basi jiulize: ni kitu gani kikiguswa naacha kusali? Kwa ajili ya kitu gani nimeshawahi kusema uongo? Kwa ajili ya kitu gani nimemchukia ndugu? Jibu la maswali hayo matatu likiwa kitu kimoja, umeshakijua.

## Shamba, mifugo na nyumba

5. Ng'ombe ndiyo benki yetu, ndiyo mahari, ndiyo ada. Mnataka tuwauze wote?

Hakuna anayesema hivyo. Ugogo bila ng'ombe ni maneno tu, na mtu anayetunza mifugo yake vizuri anamheshimu Muumba wake. Shida huanza pale mtoto anapougua, ng'ombe arobaini wako zizini, na baba anasema hakuna fedha ya hospitali. Nimeliona hilo, na siyo mara moja. Anayehesabu ng'ombe kila jioni na hajui mwanawe ana homa tangu lini, huyo ng'ombe wamemfuga yeye.

6. Mvua isiponyesha na shamba likakauka, nampendaje Mungu aliyenyamaza?

Hili ndilo swali letu hasa, watu wa hapa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600. Jua likichoma Februari wiki tatu mfululizo, mahindi yananyauka yakiwa yametoa mbelewele, na unabaki unatazama uwele na mtama kama vitavumilia. Anayekuambia "mshukuru Mungu tu" akiwa anatoka dukani na kiroba cha unga hajui anachosema.

Naomba usome Habakuki 3:17-18 ukiwa umesimama shambani kwako. Nabii anahesabu kimoja kimoja: mtini usiochanua, mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kondoo, banda lisilo na ng'ombe. Ukibadilisha mtini na mzeituni ukaweka uwele na alizeti, ni Dodoma tupu. Hasemi "ikipungua." Anasema haipo. Kisha anasema: "Walakini nitamfurahia BWANA, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu."

Hilo "walakini" ni neno la mtu aliyelia kwanza. Kitabu cha Habakuki kinaanza na kilio: hata lini, BWANA, nitalia nawe hutaki kusikia? Mungu hakumfukuza kwa swali hilo. Kwa hiyo unayo ruhusa ya kuuliza. Kumpenda Mungu kuliko mavuno hakukukatazi kuomboleza mavuno. Kunakuzuia kuhitimisha kwamba, kwa kuwa mavuno yamekwenda, na Mungu naye amekwenda.

Babu zetu walipita pagumu kuliko sisi. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Ilikuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Watu wengi sana walikufa. Njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake, ilikuwa na mikono ya wanadamu ndani yake, na nadhani tunapaswa kulisema hilo tunapozungumza juu ya mapenzi ya Mungu. Waliobaki waliendelea kumtaja Mulungu kwa lugha yao, na wengine wao na watoto wao ndio waliojenga makanisa ya udongo ambayo sisi tumeyarithi na kuyaezeka bati.

Na jambo moja la mikono: ukiwa na gunia mbili mwaka wa njaa na jirani hana, sala yako ya kuomba mvua ianzie kwenye debe moja kwenda kwa jirani.

7. Zabibu zimeiva na mnunuzi anakuja Jumapili asubuhi. Niende kanisani au shambani?

Anayelima Hombolo au Mpunguzi anajua kwamba zabibu haisubiri. Mavuno yanakuja mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na yale ya kwanza yakinyeshewa zikiwa zimeiva zinapasuka na kuoza kwenye kichala. Bwana alisema juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato: nani hatamtoa? Jumapili moja ya dharura haikufanyi mpagani.

Lakini swali halisi ni hili: ni Jumapili moja, au umezoea? Ulishawahi hata kumwambia mnunuzi, "njoo saa sita"? Mkulima mmoja wa darasani kwetu alisema kila msimu kwamba mnunuzi hakubali. Tulipombana, ikaonekana hajawahi kumwomba. Aliomba, na gari likaja saa saba. Pengine wewe utakataliwa na utapata hasara. Hapo rudi swali la 1. Tena usiwasahau wavunaji wako. Ukisali ibada ya kwanza ya saa moja na kuwaacha wao shambani tangu alfajiri, umeinunua Jumapili yako kwa Jumapili yao.

8. Nimejenga nyumba nzuri. Nimeipenda dunia?

Vigae havimwambii mtu kitu. Niambie nani anaingia. Kuna nyumba ya vyumba viwili huku Chang'ombe ambayo mgeni hakosi mahali pa kulala, na kuna nyumba ya ghorofa ambayo hata mama mzazi anapiga simu kwanza aruhusiwe kuja. Katika Luka 12 yule tajiri wa maghala alisema "mavuno yangu," "ghala zangu," "nafaka yangu," "vitu vyangu," mpaka "nafsi yangu." Hakutaja mfanyakazi, jirani wala Mungu. Usiku ule ule roho yake ikatakiwa.

## Sadaka

9. Fungu la kumi ni kabla ya makato au baada?

Fuata mafundisho ya kanisa lako, na moyo wako usikusute. Nimeshuhudia watu wakibishana jambo hili saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyetoa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

10. Nimeambiwa nikipanda mbegu ya laki moja nitapokea gari. Je, hiyo ni imani?

Hapana, na nasema kwa uchungu, maana nawajua waliouza cherehani, simu na hata mbegu za msimu, mbegu za kweli za kutia ardhini, ili wapande "mbegu" madhabahuni. Ukimpa Mungu laki ili akupe gari, unachokipenda ni gari. Mungu umemfanya dalali. Ni kinyume kabisa cha jambo tunalolizungumza katika ukurasa huu, ingawa linavaa nguo zake.

Mungu hubariki, na mtoaji hapungukiwi kwa namna ambazo wengi wetu tumeziona. Lakini Paulo, aliyetoa kila kitu, aliishia gerezani, akaandika kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Mhubiri anayeniahidi mali na kunificha mnyororo wa Paulo amenipa nusu ya Biblia. Na mtumishi anayekutajia kiasi, akakutajia na siku ya mwisho ya kutuma kwa simu, mwache. Hutakuwa umemkosea Mungu.

11. Mimi sina kitu. Swali hili si la matajiri?

Maskini naye anaweza kutawaliwa na mali asiyokuwa nayo. Anaiota, anamchukia aliye nayo, anauza utu wake aipate. Ndiyo maana Mithali 30 inaomba yote mawili: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Usione haya kuomba hivyo.

Ila naomba nikuonyeshe kitu. Ibada ya mavuno ikiisha, sadaka za mazao hutolewa nje na kunadiwa chini ya mwarobaini. Mwaka fulani mama mmoja mzee alileta yai. Alilileta kwenye kikombe cha bati, ndani yake ameweka punje za uwele ili lisiviringike likapasuka njiani. Mzee wa kanisa akaliinua: "Yai hili, shilingi ngapi?" Likauzwa mia tano. Aliyelinunua akalirudisha mezani linadiwe tena, likaenda elfu moja, likarudi tena, mpaka likafika elfu kumi na mbili, na mnunuzi wa mwisho akalipeleka kwa mgonjwa. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini macho yangu yalibaki kwa yule mama. Hakuwa anafuatilia bei. Alikuwa ameinama anakusanya zile punje za uwele, moja moja, anazirudisha kwenye kikombe, maana nyumbani zilihitajika.

Bwana alikaa kuelekea sanduku la hazina, akamwona mjane wa senti mbili. Naamini hata pale chini ya mwarobaini alikuwa anatazama kikombe, hakuwa anasikiliza mnada.

12. Niliahidi mchango wa ujenzi wa kanisa, tarehe imefika na sina. Nikope?

Usikope, hasa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa, mwambie ukweli, omba muda. Aibu ya dakika tano ni nafuu kuliko kitanda chako kubebwa na wadai. Na viongozi wanaosoma majina ya wadaiwa hadharani wajiulize wanamjengea nani.

## Nyumbani

13. Je, Yesu alituambia tuwachukie wazazi?

Luka 14:26 inatisha ukiisoma peke yake. Isome pamoja na Mathayo 10:37: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Lugha ya Luka ni ya kulinganisha, jinsi walivyozoea kusema: kimoja kikija cha kwanza, kingine kinaonekana kama kimeachwa. Bwana huyu ndiye aliyemkabidhi mama yake kwa mwanafunzi akiwa juu ya msalaba. Mara nyingi anayemweka Mungu kwanza ndiye anayewapenda wazazi wake vizuri zaidi, kwa sababu hawaogopi wala hawadai wamfanyie kazi ya Mungu.

Tambiko je? Ukoo ukikutaka ushiriki jambo ambalo imani yako inakukataza, kataa kwa adabu, na siku hiyo hiyo uwe wa kwanza kuchota maji, kupasua kuni na kuchangia chakula cha wageni. Wazee watasema umepotea. Hawatasema umewadharau.

14. Fedha ni moja: ada ya mtoto au sadaka?

Katika Marko 7 Bwana aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Mungu hataki sadaka iliyochukuliwa kwenye sahani ya mtoto wako. Lipa ada, toa kidogo kilichobaki kwa furaha. Lakini kama ada "imekosekana" na king'amuzi kimelipiwa, tusimsingizie mtoto.

15. Michango ya harusi inanimaliza. Nikikataa nitaonekana sina upendo.

Changa kadiri ya uwezo, na jifunze kusema kiasi bila kuomba radhi. Kinachonisikitisha zaidi ni upande wa wenye harusi. Nimekaa kwenye kamati ambayo kikao kizima kilijadili rangi ya mapambo na idadi ya wapishi, na aliyeuliza kama maharusi wameshamaliza mafundisho ya ndoa alionekana anachelewesha ajenda. Baada ya sherehe watu wawili wanaanza maisha wakiwa na deni la ukumbi. Wazazi, tuna uwezo wa kuzuia hili kuliko tunavyokubali.

16. Mwenzangu haamini kama mimi na hataki nitoe chochote.

Usitoe kwa siri fedha ya wote wawili. Toa muda, mikono, nyimbo, sala. Kilicho chako peke yako, kama posho au faida ya kikundi, mwambie unakitoa na kwa nini. Wengi wamevutwa kwa Kristo na uaminifu wa mwenza juu ya fedha ya mboga.

## Pale panapouma

17. Kazini natakiwa nisaini malipo hewa. Nikikataa nitahamishwa au nitapoteza kazi.

Hapa ndipo swali la 1 linapata meno. Siwezi kukuahidi kwamba ukikataa utapandishwa cheo kama Danieli. Danieli mwenyewe hakuahidiwa. Alitupwa shimoni kwanza. Usisaini. Andika kilichotokea na tarehe zake, tafuta mtu mwaminifu wa kuzungumza naye, na ufikishe jambo kwenye vyombo vinavyohusika ukiweza kufanya hivyo kwa usalama. Familia yako iambie mapema, maana na wao watabeba gharama. Na sisi kanisa tusikuache. Mtu aliyepoteza mshahara kwa ajili ya ukweli akikaa Jumapili tatu bila mtu kubisha hodi kwake na unga, mahubiri yetu juu ya uaminifu ni kelele.

Kama ulishasaini zamani, tazama Zakayo: alirudisha mara nne. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulijulikana kwa jambo hili hili. Watu walirudisha walichoiba, walilipa madeni ya zamani, walikiri mbele ya waliowakosea. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu kule Kigezi, Uganda, aliwahi kuwa mwalimu hapa Dodoma akiwa kijana wa uamsho huo. Kurudisha kunauma mfukoni. Ila nimezungumza na waliorudisha, na wote walitaja usingizi.

18. Nimepoteza kila kitu na nimemkasirikia Mungu. Bado nampenda?

Unayemkasirikia bado unazungumza naye. Ayubu alisema "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe" katika sura ya kwanza, na watu wanapenda kufungia kitabu hapo. Kuna sura arobaini na moja baada ya hiyo, na nyingi zimejaa malalamiko yake. Mwishoni Mungu alisema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa, si wale rafiki waliokuwa na majibu mazuri. Endelea kuja kanisani hata kama huimbi. Kaa nyuma. Acha wengine waimbe kwa niaba yako kwa muda.

19. Yule kijana tajiri aliambiwa auze vyote. Na mimi niuze?

Alikuwa yeye, kwa jina lake na ugonjwa wake. Zakayo alitoa nusu na Bwana akasema wokovu umefika nyumbani kwake. Martha alibaki na nyumba na jiko. Lakini wapo wanaoitwa kweli: Antonio wa Misri, karne ya tatu, alisikia maneno hayo yakisomwa kanisani akaenda kugawa urithi wake. Masista na mabruda tunaokutana nao hapa mjini wameitikia sauti ya namna hiyo. Ukihisi wito huo, usiamue peke yako wiki ya mkutano wa injili. Zungumza na padre au mchungaji, subiri, jaribu kwa kidogo. Kama una watoto wadogo, soma tena swali la 14.

Na kama jibu lako la haraka lilikuwa "hilo halinihusu," kaa nalo kidogo. Yule kijana naye aliondoka kwa huzuni, maana alikuwa na mali nyingi.

20. Nafanya haya yote, lakini sisikii upendo wowote moyoni. Je, ni unafiki?

Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, na karibu kila mara na watu ambao wengine huwaona imara. Unafiki ni kuonyesha usichokifanya. Wewe unafanya usichokisikia, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Mama anayeamka saa nane usiku kumnyonyesha mtoto hajisikii upendo wakati ule, anasikia usingizi. Na ni upendo huo anaoufanya.

Mwombe Mungu akupe na furaha yake, maana ni zawadi na haikatazwi kuiomba. Ila usisubiri ifike ndipo utii.

Kuna bibi kanisani kwetu anayefagia kila Jumamosi jioni. Anatoka mbali kwa miguu na fagio lake la chelewa. Nilipokuwa katika ile miezi ya kiwanja nilimkuta amefika karibu na madhabahu, na giza linaingia. Nikamuuliza kama huwa anamsikia Mungu akiwa pale peke yake. Akanyoosha kiuno, akafikiri. "Siku nyingine namsikia, mwanangu. Siku nyingine nasikia mgongo." Kisha akanipa taa nimshikie, akaendelea na safu ya mbele.